Mgeni katika Nchi ya Nyae Nyae

Katika Namibia, upande wa kaskazini mashariki karibu na mpaka wa Botswana, iko sehemu iitwayo Nyae Nyae. Wenyeji wake ni Wajuhoansi, nao ni mojawapo ya makabila ya kusini ya Afrika ambayo kwa jumla huitwa Wasan, na ambayo zamani Wazungu waliyaita watu wa vichakani. Kwa muda wa zaidi ya miaka 70 watu hawa wametembelewa na wageni wa kila namna: wataalamu, wapiga picha za sinema, askari, wafanya biashara, mabwana wa serikali na watalii. Ni makabila machache sana ya Afrika, yenye watu wachache kama hao, yaliyoandikwa habari zake katika vitabu vingi hivyo. Lakini msomaji wa vitabu hivyo aweza kuvimaliza vyote asijue habari moja ambayo wenyeji huiweka mbele, yaani sheria ya mgeni: ni nani mwenye haki ya kumkaribisha, na mgeni aombe nini kabla hajanywa maji. Twataka kuieleza sheria hiyo leo, kwani machifu na walimu wasomao gazeti hili wataona upesi ya kuwa habari ya mgeni na habari ya ardhi ni habari moja.

Msafiri atokaye Windhoek hupita Grootfontein, kisha huiacha barabara kubwa na kushika njia ya mashariki, zaidi ya kilomita 200, mpaka afike Tsumkwe. Hapo ndipo penye shule, zahanati, kituo cha polisi na maduka machache. Kutoka Tsumkwe njia za mchanga hutawanyika kwenda vijijini. Vijiji hivyo ni zaidi ya 30, na vingine vina nyumba chache tu. Nchi ni tambarare, yenye mchanga na miti mifupi, na hapa na pale umesimama mbuyu mkubwa ambao msafiri huuona kutoka mbali. Mvua inyeshapo, mabonde mapana yaliyokuwa makavu hujaa maji, na ndege wengi huja kutua. Ikiisha kupita, maji hukauka, na yeyote asiyejua visima yu katika hatari.

Jina lao maana yake ni “watu wa kweli”. Katika maandiko yao wenyewe huandikwa Ju/'hoansi, na ule mstari wa kulala katikati ya jina si kosa la mpiga chapa. Ni herufi ya sauti ya kidoko. Wana vidoko vinne. Cha kwanza ni cha menoni, kama mtu aonaye jambo la kusikitisha. Kingine ni cha shavuni, kama mtu ahimizaye punda. Kingine kama kizibo kitokapo katika chupa. Na cha nne kina alama yake mbali. Wasomaji wa Tanzania hawatastaajabu sana, kwa kuwa Wasandawe wa upande wa Dodoma na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nao wana vidoko katika lugha zao. Zamani wataalamu waliziweka lugha hizi zote katika ukoo mmoja. Siku hizi wengi wao huona ya kuwa Kihadza ni lugha peke yake isiyo na ndugu anayejulikana. Walimu watapenda kusikia pia ya kwamba aliyeipanga Kijuhoan maandiko yake ya sasa ni mtaalamu wa lugha aliyeitwa Patrick Dickens, na kamusi yake ilipigwa chapa mwaka 1994. Mwaka huo huo zilianza shule za vijijini, ambamo watoto wa madarasa matatu ya kwanza hufundishwa kwa lugha ya mama zao. Baada ya hapo hupelekwa Tsumkwe, hukuta Kiingereza na watoto wa makabila mengine, na wengi huacha shule wakarudi kwao.

Sasa tuje katika neno kubwa la nchi ile, nalo ni n!ore. Hatuna neno moja la Kiswahili la kulifasiri sawasawa. N!ore ni sehemu ya nchi pamoja na maji yake, miti yake ya matunda, mizizi yake ya kuchimbwa na wanyama wake, nayo ina wenyewe wanaojulikana. Mtu hupata haki ya n!ore kwa baba yake au kwa mama yake, naye aoapo hupata mahali pa kukaa katika n!ore ya mkewe. Hakuna ukuta wala jiwe la mpaka. Haiuzwi wala haikodishwi. Mwenye n!ore hapokei kodi, wala hana kiti, wala hana askari, na akienda kuchimba mizizi huchimba kwa mikono yake kama wengine.

Mtu wa n!ore nyingine akija, sharti aombe. Huketi, huzungumza habari za njiani, hutaja jamaa zake na jinsi anavyohusiana na wenyeji, kisha huomba maji na ruhusa ya kuchuma chakula. Kunyimwa ni nadra sana. Lakini kutoomba ni kosa, na mtu aliyechota bila kuomba hukumbukwa kwa kosa hilo muda mrefu. Sababu yake ni rahisi kuifahamu kwa mtu aliyeiona mvua ya Kalahari. Mvua ya huko hainyeshi kila mahali. Wingu moja laweza kuishusha hapa, na mwendo wa siku moja kutoka hapo pasipate hata tone. Anayeombwa maji mwaka huu aweza kuwa mwombaji mwaka ujao. Basi kila aliyekaribishwa huondoka na deni, na deni hilo ndilo akiba ya yule aliyemkaribisha. Tumesoma hoja nyingi juu ya watu hawa kuwa hawajui kuweka akiba. Tunaona waandishi hao walitafuta ghala, na akiba ilikuwa kwa jirani.

Mabwana wa zamani waliopita huko hawakuiona sheria hii. Hawakuona shamba, wala zizi, wala boma la chifu, nao wakaandika ya kuwa nchi ni tupu.

Wageni wa kwanza waliokaa muda mrefu na kuandika habari kwa uangalifu walikuwa jamaa ya Marshall, kutoka Marekani. Baba, Laurence Marshall, alikuwa mtu wa viwanda aliyestaafu. Mkewe, Lorna, alikuwa amefundisha Kiingereza. Watoto wao walikuwa Elizabeth na John. Mwaka 1951 walifika /Gautcha, penye kisima cha kudumu, wakiwa na malori na maji yao. Kiongozi wa watu wa hapo alikuwa ≠Oma. Jambo la kuangaliwa ni kwamba ≠Oma hakuzaliwa na haki ya /Gautcha. Haki ilikuwa upande wa mkewe, !U, na watu walimfuata mumewe kwa sababu ya busara yake tu. Wageni hao walirudi mara nyingi katika miaka iliyofuata. Elizabeth alitoa kitabu chake mwaka 1959. Mama yake alitoa chake mwaka 1976. Na John alipiga picha za sinema katika maisha yake yote.

Lorna Marshall ameandika habari moja ya mwaka ule wa 1951 ambayo yafaa tuieleze. Walipokuwa wakiondoka, walitaka kuwaachia wanawake wa /Gautcha zawadi. Wakampa kila mwanamke kauri za kutosha mkufu mfupi, kubwa moja na ndogo ishirini. Kauri hizo, ambazo watu wa pwani yetu huzijua tangu utoto, walikuwa wamezinunua New York. Waliporudi mwaka 1952 walitazamia kuwaona wanawake wamevaa mikufu yao. Hawakuiona hata mmoja. Kauri zilikuwa zimetoka mkononi kwa mkono, moja hapa na mbili pale, nazo zikaonekana katika mapambo ya watu wa mbali mpaka kando kando za nchi ile. Wenyewe wana neno la zawadi za namna hii, hxaro. Mtu hupewa shanga za ganda la yai la mbuni, au mshale, au kitu kingine chochote, naye harudishi pale pale. Hungoja, labda miezi, labda zaidi ya mwaka, kisha hutoa kitu kingine. Kurudisha papo hapo ni kama kusema urafiki umekwisha. Na mtu aliye na wenziwe wa hxaro katika n!ore nyingi ana milango mingi ya kubisha wakati wa ukame. Mgeni aliyedhani amegawa mapambo alikuwa amewaongezea watu njia za kusaidiana, wala hakujua.

Lakini malori yale yaliacha alama mchangani, na wengine wakazifuata. Walifika wenye mashamba wakitafuta vibarua, wakachukua watu. Kisha ikaja serikali. Nchi yote wakati ule iliitwa Afrika ya Kusini Magharibi, nayo ilikuwa chini ya serikali ya Afrika Kusini. Mwishoni mwa mwaka 1959 bwana shauri aliwekwa Tsumkwe, na watu wakaitwa kutoka katika n!ore zao waje wakae hapo, walime, wafuge mbuzi, watibiwe, watoto wasome. Wengi walikuja kwa hiari yao, kwa kuwa walitaka dawa na chakula cha hakika. Taabu ilionekana baadaye. Maji na matunda ya Tsumkwe yalikuwa ya watu wachache wenye n!ore hiyo, wengine wote walikuwa wageni, na wageni hao hawakurudi kwao. Katika miaka michache hapakuwa na mzizi wa kuchimba karibu, wala mnyama wa kuwinda.

Mwaka 1970 serikali hiyo ilitangaza nchi ya Wasan, kwa mpango wa kugawa makabila mbalimbali. Jina lilikuwa la kupendeza, bali mipaka ilikuwa ya hasara. Sehemu kubwa ya kusini iliingizwa katika nchi ya Waherero, na sehemu ya kaskazini iliwekwa iwe mbuga ya wanyama. Kisha, tangu mwaka 1978, jeshi likaja kuandika askari kwa vita vilivyokuwa vikipiganwa kaskazini. Mshahara wa askari mmoja ulilisha jamaa wengi, lakini pombe nayo ilikuja pamoja na mshahara, na ugomvi, na visu. Wajuhoansi wenyewe wakapaita Tsumkwe mahali pa mauti.

Katika wakati huo huo ndipo ilipotengenezwa sinema iliyoleta jina lao ulimwenguni kote. Sinema hiyo, The Gods Must Be Crazy, ilitolewa na Jamie Uys mwaka 1980. Yasimulia habari ya mtu wa Kalahari anayeokota chupa ya soda iliyotupwa kutoka katika ndege. Watu wa nchi nyingi waliicheka kwa furaha, wala hatusemi ya kuwa haichekeshi. Aliyecheza mtu huyo ni N!xau, mwenyeji wa upande wa Tsumkwe, aliyefariki mwaka 2003. Msimulizi wa sinema asema ya kuwa watu hao waishi kwa raha nyikani, hawajui fedha, hawajui ugomvi, hawajui habari za dunia. John Marshall alikuwako Tsumkwe wakati baadhi ya picha hizo zilipokuwa zikipigwa, naye alikuwa akipiga picha za sinema yake mwenyewe, iliyotoka mwaka huo huo wa 1980, juu ya maisha ya mwanamke mmoja aliyeitwa N!ai. Humo aonekana mpiga picha akiwapanga watu waigize maisha ya zamani, na nyuma ya hapo waonekana watu wale wale wakingojea unga wa serikali, wakikohoa kwa kifua kikuu, wakigombana juu ya fedha. Tofauti ya sinema hizi mbili si jambo la sanaa tu. Watu waliokuwa wakitaka kuigeuza nchi ile iwe mbuga ya wanyama tupu waliweza kusema: tazameni, watu hawa hawahitaji visima wala ng'ombe, wao ni watu wa nyika.

Wajuhoansi hawakukubali. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1980, wakisaidiwa na John Marshall na wenziwe, jamaa baada ya jamaa waliondoka Tsumkwe wakarudi katika n!ore zao, wakachimba visima, wakapanda bustani, wakafuga ng'ombe wachache. Kazi ilikuwa ngumu. Simba walikula ng'ombe, na ndovu waliharibu pampu na bustani. Mwaka 1986 wakaunda chama cha wakulima wao. Namibia ilipojitawala, tarehe 21 Machi 1990, walikuwa tayari na watu wa kuwasemea, na mwaka 1991 wajumbe wao walikwenda Windhoek katika mkutano mkuu wa ardhi, wakaeleza mbele ya wakubwa wa nchi maana ya n!ore. Tunadhani ulikuwa mkutano wa kwanza wa namna hiyo ambao Wasan walisema wenyewe badala ya kusemewa. Sheria ya mwaka 1996 iliwaruhusu watu wa vijijini kuunda hifadhi zao na kupata faida ya wanyama. Hifadhi ya Nyae Nyae iliandikishwa mwaka 1998, ya kwanza katika nchi yote kwa sheria hiyo, na eneo lake ni yapata kilomita za mraba 9,000. Mwaka huo huo serikali ilimtambua Tsamkxao ≠Oma, mwana wa yule ≠Oma wa /Gautcha, kuwa chifu wa Wajuhoansi. Machifu wetu watajua uzito wa jambo hilo kwa watu ambao desturi yao haikuwa na chifu mmoja. Serikali hutaka mtu mmoja wa kuandikiwa barua, na asiyekuwa naye hubaki bila jibu.

Mgeni aendaye huko siku hizi hupita kwanza katika ofisi ya hifadhi, Tsumkwe, hulipa ada, huelezwa njia. Fedha zipatikanazo kwa wageni, na zaidi zile za wawindaji kutoka ng'ambo ambao huruhusiwa wanyama kwa hesabu, hutunza visima na kulipa walinzi, na sehemu hugawanywa kwa kila mwanachama aliye mtu mzima. Kuzunguka visima vingi wamejenga kuta za mawe, ndovu wasifikie pampu. Watu huchimba pia mzizi wa dawa ambao Wazungu huuita ukucha wa shetani, nao huuzwa Ulaya kwa wenye maumivu ya viungo. Sharti mchimbaji auache mzizi mkuu wa katikati, mmea usife.

Wageni wapendao kuona desturi za kale wana mahali pao. Huko Grashoek, katika hifadhi jirani, wenyeji walifungua mwaka 2004 kijiji cha maonyesho, na mwaka 2010 kingine kilifunguliwa kaskazini ya Tsumkwe, ndani ya Nyae Nyae. Humo watu huvaa ngozi, hupekecha moto, huonyesha mitego na michezo, na kazi iishapo huvaa suruali zao na kutazama simu zao. Wako wageni wanaochukizwa na jambo hilo na kusema wamedanganywa. Sisi hatuoni udanganyifu. Mwalimu naye huvaa koti lake kwenda darasani. Bei imeandikwa, kazi yajulikana, na fedha hubaki kijijini kwa waliofanya kazi. Tena wako wanaume wa Nyae Nyae ambao huwinda kweli kwa upinde, kwa kuwa sheria yawaruhusu kuwinda kwa silaha za asili, na mgeni mwenye miguu aweza kuomba kufuatana nao.

Akifuatana nao atajifunza mambo mawili. La kwanza ni sumu. Hutoka katika buu la mdudu afukuliwaye chini ya mti, nayo hupakwa nyuma ya chembe ya mshale, wala si juu ya ncha, ili mwenye mshale akijikwaruza asife. Mnyama mkubwa hafi mara moja. Hufuatwa kwa nyayo siku nzima au zaidi. La pili ni nyama. Mwenye mnyama si yule aliyepiga, bali ni mwenye mshale uliompiga, na mishale huazimwa na kupewana kama zile kauri. Aweza kuwa mzee asiyeweza kukimbia tena. Aweza kuwa mwanamke. Yeye ndiye mwenye kugawa, na lawama za mgawo ni zake, na mwenye shabaha hana la kujivunia.

Juu ya kujivuna wana dawa yao, na mgeni mmoja aliionja. Katika miaka ya 1960 mtaalamu Richard Lee alikaa na Wajuhoansi wa ng'ambo ya pili ya mpaka, upande wa Botswana. Siku ya Krismasi ilipokaribia, alinunua ng'ombe mkubwa mno mwenye mafuta, ili awakirimu wote. Habari ilipoenea, watu walimjia mmoja mmoja kumsikitikia: amenunua gofu la mifupa, watu watalala na njaa, na pengine watapigana kwa uchache wa nyama. Wazee wenye heshima walisema hivyo, na wanawake, na rafiki zake. Mgeni alifadhaika hata akataka kutafuta ng'ombe mwingine. Siku ya karamu ng'ombe alipopasuliwa, mafuta yalikuwa manene, na watu wakacheka mpaka wakaanguka. Alipouliza sababu, akaelezwa ya kwamba kijana auaye nyama nyingi huanza kujiona mkubwa na wengine kuwaona watumishi wake. Kwa hiyo nyama yake hutukanwa, moyo wake upoe. Lee aliiandika habari hiyo mwaka 1969. Tungependa kila mtu apelekaye msaada vijijini aisome kabla ya kufunga mizigo.

Kuna namna nyingine ya kuingia katika nchi ya watu, bila kukanyaga mchanga wao. Mwaka 2010 wataalamu wa ng'ambo walitangaza ya kuwa wamesoma chembe zote za urithi katika damu ya mzee mmoja wa Kisan wa Namibia, na kazi hiyo ikasifiwa ulimwenguni. Viongozi wa Wasan walilalamika: wazee waliotoa damu hawakujua kusoma, na vyama vya Wasan vyenyewe havikuulizwa. Kutokana na mambo ya namna hii, Wasan wa Afrika Kusini walitoa mwaka 2017 kanuni zao kwa wataalamu wote watakao kuja kwao, juu ya heshima, unyofu, haki, utunzaji na taratibu za kufuatwa. Mtaalamu huleta kwanza habari ya kazi yake, hungoja jibu, na amalizapo hurudi kuwaeleza wenyeji aliyoyapata. Mtu aliyelelewa katika n!ore hataona kanuni hizo kuwa jambo jipya.

Shida iliyowapata Wajuhoansi kwa uchungu zaidi katika miaka ya karibuni ni ya wageni wasioomba. Kusini ya Nyae Nyae, mahali paitwapo Gam, wanakaa wafugaji wa Kiherero. Yafaa tuseme habari yao kwa haki. Babu zao walikimbilia Botswana wakati Wajerumani walipowaangamiza Waherero kuanzia mwaka 1904, na wajukuu walirudishwa nchini baada ya uhuru, wakawekwa Gam, penye malisho haba na majani yenye sumu yanayoua ng'ombe. Mwaka 2009 baadhi yao walikata ua wa seng'enge uliowekwa kuzuia maradhi ya mifugo, wakaingia Nyae Nyae na ng'ombe wengi. Serikali ilikamata ng'ombe waliovushwa ua huo, lakini wafugaji wenyewe walipiga kambi Tsumkwe, wakapata ng'ombe wengine, wakakaa. Ng'ombe hula na kukanyaga yale majani na mizizi ambayo watu huyala, na hunywa katika visima vilivyochimbwa kwa ajili ya wachache.

Jirani zao wa magharibi, watu wa hifadhi ya N≠a Jaqna, ambao wengi wao ni Wasan wa kabila la !Kung, walipatwa na jambo kama hilo. Matajiri wenye mifugo walizungushia ua maelfu ya ekari za ardhi ya wote. Hifadhi ilikwenda mahakamani. Mwezi wa Agosti mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Windhoek iliwapa haki, ikaamuru waliozungushia ua bila idhini waondoke na kuziondoa nyua zao. Amri ilitekelezwa polepole mno, na miaka kadhaa baadaye nyua nyingi zilikuwa bado zimesimama. Watu wa hifadhi waliendelea kuandika barua, wakiambatisha nakala ya hukumu, na ramani yenye majina ya visima kwa lugha yao.